Shajara ya mradi: Nyumba ya Cleveland, wenyewe tukiwa Kent

Machi 2024

Lengo la mradi ni kubadilisha namna nyumba yetu ya kupangisha ya Cleveland, jimbo la Ohio, inavyosimamiwa, na kumaliza kabla baridi haijarudi. Ni nyumba ya familia mbili, moja chini na moja juu, kila moja na baraza lake la mbele, mtindo uliojaa katika mitaa mingi ya mji ule. Ilijengwa miaka ya 1920. Sisi tunaishi Kent, jimbo la Washington. Tofauti ya saa ni tatu: fundi wa Cleveland akianza kazi saa mbili asubuhi, huku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri.

Nimeanza na mkataba wa kampuni inayotusimamia nyumba. Nimeusoma mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Kodi ya kila ghorofa ni dola 1,000 kwa mwezi. Kampuni inachukua asilimia 10 ya kodi inayokusanywa. Ikileta mpangaji mpya, inachukua kodi ya mwezi mzima. Ikimwita fundi, inaongeza asilimia 10 juu ya ankara yake. Matengenezo yasiyozidi dola 500 yanafanyika bila kuniuliza.

Ukiutazama juujuu hauna la ajabu, mikataba mingi imeandikwa hivihivi. Sasa piga hesabu. Mpangaji akikaa mwaka mzima, kampuni inapata dola 1,200 kwa ghorofa hiyo. Wapangaji wakibadilika na ghorofa ikakaa tupu mwezi mmoja, kampuni inapata 1,100 za asilimia na 1,000 za kuleta mpangaji, jumla 2,100. Upande wangu, nimekosa kodi ya mwezi mmoja, nimelipa mwezi mwingine kwa ajili ya mpangaji mpya, na bado kuna rangi, usafi na kubadilisha kufuli. Hasara yangu ndiyo mapato ya msimamizi. Sidai kwamba kuna mtu anawafukuza wapangaji makusudi. Ila katika mpango huu hakuna hata mmoja anayelipwa ili mpangaji abaki.

Watu wakizungumzia ugumu wa kuwa na nyumba ya kupangisha katika jimbo jingine, hutaja umbali. Mimi naona umbali unazidisha tu kile kilichomo katika mkataba. Ningekuwa naishi mtaa wa pili, ningepita jioni nikaona mambo, na mkataba mbaya ungesahihishwa na macho yangu. Nikiwa Kent, mkataba ndio macho pekee niliyo nayo.

Machi, mwishoni

Leo nimezipanga ankara za matengenezo kwa ghorofa, halafu kwa tatizo. Ghorofa ya chini: kuzibua bomba la jikoni, dola 465. Kuzibua bomba la jikoni, dola 490. Kuzibua bomba, dola 480. Zote ziko chini ya 500, kwa hiyo hakuna hata moja iliyonifikia kama swali. Zilikuja kama mstari katika taarifa ya mwezi, katikati ya mistari mingine.

Nikampigia mama anayekaa ghorofa ya juu. Ni mstaafu, alikuwa anaishi humo kabla hatujainunua nyumba, na anaijua kuliko sisi na kampuni tukijumlishwa. Akanieleza jambo ambalo halimo katika ankara yoyote: yeye akifua nguo, maji hupanda kupitia shimo la sakafuni kwenye basementi, chumba kilicho chini ya nyumba. Harufu inaanzia hapo, wala haihusiani na jikoni. Nikamuuliza kama aliwahi kuwaambia kampuni. Aliwaambia, na kila mara fundi alikuja, akafungua bomba la jikoni la chini, akaondoka.

Maji yakipanda kwenye shimo la chini kabisa ya nyumba wakati mtu wa juu anafua, kilichoziba ni njia kuu ya maji taka inayotoka nje. Fundi bomba yeyote anajua hivyo. Lakini fundi aliyeitwa "kuzibua jikoni" anazibua jikoni. Hakuna aliyemwambia amsikilize mama wa juu.

Aprili

Shemeji yangu anaishi Akron, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Cleveland. Alienda kumfungulia fundi mwenye kamera ya bomba, na akakaa pale mpaka kazi ikaisha. Nimeitazama ile video mara nyingi.

Kamera inaingia kupitia mdomo wa kusafishia ulio basementi. Kwanza ni bomba la chuma, limepata kutu lakini pande zote zimeshikana. Baada ya ukuta wa msingi linaanza bomba la udongo wa kuchoma, vipande vifupi vilivyounganishwa kimoja kwa kimoja kama ilivyokuwa desturi enzi nyumba hizi zinajengwa. Kwenye ungio la kwanza kuna nyuzi chache nyembamba, nyeupe. La pili ni safi. La tatu mizizi imeingia pande zote ikakutana katikati, na karatasi zimenasa humo, na kamera inasukuma, inarudi, inasukuma tena. Ule waya wa kuzibulia jikoni usingefika huko hata ungetumwa kila wiki.

Fundi amependekeza njia mbili. Kukata mizizi kwa mashine, ambako kutahitaji kurudiwa kwa sababu mizizi huota tena, au kuchimba na kubadilisha kipande cha uani kwa bomba la plastiki. Tumekata mizizi sasa ili mama wa juu afue nguo zake bila wasiwasi. Kuchimba kumeingizwa katika bajeti. Kamera na kukata, vyote pamoja, vimegharimu chini ya jumla ya zile ankara tatu.

Mei

Mwezi huu umekwenda kwa suala la wakala.

Februari mwaka huu baraza la jiji la Cleveland lilipitisha sheria mpya za makazi zinazoitwa Residents First. Kwa mmiliki anayeishi mbali, kipengele kizito ni kimoja: kama huishi katika kaunti ya Cuyahoga, yenye Cleveland, wala kaunti inayopakana nayo, lazima uteue wakala wa eneo. Huyu awe binadamu hasa, si jina la kampuni, awe mkazi wa huko, na jiji linaweza kumwajibisha yeye nyumba ikivunja kanuni. Jimbo la Ohio nalo tangu zamani linamtaka mwenye nyumba asiye mkazi wa jimbo ateue mtu wa kupokea hati za mahakama kwa niaba yake.

Naiunga mkono sheria ya jiji, na nasema hivyo nikijua inanigharimu. Ukipita mitaa ya Cleveland utaona nyumba zilizonunuliwa na watu wa mbali baada ya msukosuko wa mikopo ya nyumba wa 2008, mapaa yamebonyea, na barua za jiji zinarudi kwa sababu anwani ni sanduku la posta la jimbo jingine. Jirani anayekaa kando ya nyumba kama hiyo ana haki ya kuwa na mtu wa kumpigia simu.

Akron iko kaunti ya Summit, inayopakana na Cuyahoga, kwa hiyo shemeji anafaa kisheria. Nilimpigia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Shemeji, funguo nitashika, fundi nitamfungulia, hata theluji nitafyeka. Lakini kuweka sahihi kwamba nitaitwa mahakamani kwa ajili ya paa ambalo si langu na pesa yake siimiliki, hapo hapana. Tutakuja kukosana bure." Amesema kweli. Sahihi ile inahitaji kwenda pamoja na uwezo wa kutumia fedha, na kulipwa. Undugu hauwezi kubeba jukumu la kisheria bila bajeti, na sitaki mke wangu na kaka yake wanuniane kwa sababu ya mfereji wa paa.

Kwa hiyo wakala ataunganishwa na kazi ya msimamizi mpya. Nimeandika hivyo katika rasimu.

Juni

Cheti cha madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi katika nyumba mwaka 1978, na Cleveland, kwa sheria ya 2019, inataka kila nyumba ya kupangisha iliyojengwa kabla ya 1978 iwe na cheti kinachoonyesha ni salama. Kupatikana kwake kunahitaji mkaguzi mwenye leseni kufika ndani. Anakagua rangi inayobanduka, kisha anapangusa sehemu iliyopimwa ya sakafu na ya kizingiti cha dirisha kwa kitambaa chenye unyevu, na kitambaa kinapelekwa maabara.

Vyumba vingi vilikuwa safi. Shida ilikuwa madirisha mawili ya chumba cha kulala cha chini, yale ya zamani ya mbao yanayopandishwa na kushushwa. Kila ukilifungua, mbao mbili zinasuguana, na tabaka za rangi za miaka mingi zinasagika kuwa unga usioonekana kwa macho. Unga huo unatua kwenye kizingiti, kwenye kimo cha mtoto anayejifunza kusimama. Mtoto anashika kizingiti, anatia mkono mdomoni. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango katika damu yake kinachojulikana kuwa hakina madhara. Hapa sikutaka kusikia kuhusu bei. Madirisha hayo yametolewa, mapya yamewekwa na mafundi waliofunzwa kufanya kazi hiyo bila kutawanya vumbi, kipimo kikarudiwa, cheti kimepatikana. Kinadumu miaka miwili.

Taarifa za kampuni zilikuwa na safu ya kodi, safu ya gharama, safu ya salio. Madirisha hayo hayakuwahi kuonekana katika safu yoyote.

Julai

Wapangaji wa chini wamehama mkataba wao ulipoisha. Kampuni ilinitumia orodha ya makato kutoka kwenye amana yao ya dola 1,000: kupaka rangi ghorofa nzima, kusafisha zulia, kubadilisha pazia moja la plastiki lililovunjika. Salio la kuwarudishia lilikuwa karibu sifuri.

Nimelikataa. Ohio inampa mwenye nyumba siku 30 kurudisha amana au kutuma orodha ya maandishi ya kila kato, na akizuia isivyo haki, mpangaji anaweza kudai kiasi hicho tena juu yake pamoja na gharama za wakili. Rangi iliyofifia na zulia lililokanyagwa ni uchakavu wa kawaida. Na anayeshtakiwa ni mwenye nyumba, hata kama orodha imeandikwa na msimamizi aliyekaa Cleveland. Tumekata gharama ya pazia peke yake, na iliyobaki imetumwa kwenye anwani mpya waliyotuandikia.

Familia hii iliishi na maji taka yaliyokuwa yakipanda basementi. Kuwakata pesa ya rangi baada ya hapo kungekuwa dhuluma, sheria ingeruhusu au isingeruhusu.

Agosti

Msimamizi mpya amepatikana. Ni ofisi ndogo, na mwenye ofisi anaishi Cuyahoga na amekubali kuwa wakala wetu wa eneo. Nilizungumza na kadhaa. Swali nililompa kila mmoja lilikuwa hilohilo: "Bomba likiziba mara ya pili, unafanya nini?" Wengi walijibu kwa haraka ya kumtuma fundi. Huyu alijibu kwa swali: lilizibia wapi, na nani mwingine alikuwa anatumia maji?

Mkataba tuliuandika upya pamoja. Asilimia ya kila mwezi nimeipandisha hadi 12. Malipo ya kuleta mpangaji mpya yameshuka hadi dola 300. Mpangaji aliyepo akisaini mwaka mwingine, msimamizi anapata 300 pia. Sasa hesabu ile ya Machi inasema hivi: mpangaji akibaki, msimamizi anapata 1,440 na 300, yaani 1,740. Akihama na mwezi mmoja ukapotea, anapata 1,320 na 300, yaani 1,620, na amefanya kazi mara tatu zaidi. Nalipa dola 540 zaidi kwa mwaka mtulivu kuliko nilivyokuwa nikilipa. Nazilipa bila kinyongo, maana mwezi mmoja mtupu pekee unanigharimu karibu mara mbili ya hizo.

Nyongeza juu ya ankara imeondolewa, na ankara ya fundi inakuja kama alivyoiandika. Kikomo cha dola 500 kimebaki, ila na sharti: tatizo likirudi sehemu ileile ndani ya miezi sita, halizibwi tena kabla chanzo hakijatafutwa, hata kama kuziba ni dola 50. Kuna akiba ya dola 1,500 katika akaunti yake ya amana ili asinisubiri niamke jambo la dharura likitokea. Bila hiyo asingekubali kuweka sahihi ya uwakala, na alikuwa na haki.

Na kila robo mwaka anazunguka nyumba kwa picha zilezile, kutoka pale pale: mtambo wa joto, tangi la maji ya moto, shimo la basementi, chini ya kila sinki, ngazi za nyuma, mifereji ya paa, kila kizingiti cha dirisha. Picha moja haisemi kitu. Ukiiweka kando ya ile ya robo iliyopita, doa lililokua linaonekana. Mpangaji anaarifiwa mapema, na saa 24 ambazo sheria ya Ohio inazichukulia kuwa notisi ya kutosha ndizo kiwango chetu cha chini.

Kitu kingine kidogo. Ohio inamruhusu mpangaji aliyeandika malalamiko bila matengenezo kufanyika katika muda unaofaa, usiozidi siku 30, kupeleka kodi yake kwa karani wa mahakama. Wenye nyumba wenye makazi yasiyozidi matatu wanaweza kujitoa katika kanuni hiyo wakimpa mpangaji notisi ya maandishi anapoingia. Msimamizi aliniuliza kama niiweke. Nimesema tusiiweke. Mpangaji ndiye aliye ndani ya nyumba, na nataka awe na njia ya kunilazimisha nisikie.

Septemba

Ghorofa ya chini imepata wapangaji, wazazi wenye mtoto mdogo. Wamepewa cheti, fomu ya serikali kuu kuhusu rangi ya risasi na kijitabu chake kabla ya kusaini.

Novemba

Maandalizi ya baridi. Mtambo wa joto umesafishwa na kupimwa gesi ya sumu. Kihisi cha joto kimewekwa basementi, karibu na bomba la maji linapoingilia ukutani, kwa sababu hapo ndipo bomba huganda kwanza. Joto likishuka chini ya kiwango tulichoweka, simu ya msimamizi inalia, na yangu inalia. Nimesoma pia sera ya bima: nyumba ikikaa tupu kupita muda uliotajwa, madai ya kuganda kwa mabomba na ya uharibifu wa wahuni yanaweza kukataliwa. Ghorofa tupu wakati wa baridi ina gharama zaidi ya kodi iliyokosekana.

Mita ya maji ni moja kwa nyumba nzima, kwa hiyo bili ni yetu. Nimezoea kuangalia matumizi kwenye akaunti. Wiki iliyopita niliona mstari wa usiku haushuki hadi sifuri, hata saa tisa usiku wakati kila mtu amelala. Nikamwandikia msimamizi asubuhi yao. Kidude cha mpira kwenye tangi la choo cha chini kilikuwa kimelegea, maji yanapita kimyakimya. Kimebadilishwa kwa bei ndogo kuliko ya chakula cha mchana. Mpangaji alishukuru, maana alikuwa akiisikia ile sauti na hakutaka kusumbua. Nimemwomba msimamizi awaambie wazi kwamba kusumbua kunakaribishwa.

Desemba

Kodi za serikali, kwa ufupi. Sisi wa Washington hatuna kodi ya jimbo juu ya mshahara, kwa hiyo wengi hushangaa kuambiwa wana fomu ya Ohio ya kujaza kwa sababu ya nyumba. Jiji la Cleveland pia linatoza asilimia 2.5 ya faida halisi ya upangishaji. Serikali kuu inakuruhusu kukata thamani ya jengo, bila ardhi, kidogo kidogo kwenye mapato ya upangishaji kwa miaka 27.5. Na hasara ya upangishaji hadi dola 25,000 inaweza kukatwa kwenye mapato mengine kama unashiriki maamuzi mwenyewe, kama kuidhinisha wapangaji na matengenezo, ingawa nafuu hiyo inapungua mapato yakipita dola 100,000 na kwisha kabisa yakifika 150,000. Kumbukumbu zangu za kuidhinisha sasa zina tarehe na ziko mahali pamoja.

Januari 2025

Mkataba wa mama wa juu umeongezwa mwaka mmoja, kodi ileile. Msimamizi amelipwa 300 zake. Nilimpigia mama mwenyewe kumshukuru, naye akaniambia reli ya ngazi za nyuma inacheza upande wa kulia, kwenye kidato cha tatu kutoka chini. Katika picha za robo mwaka reli inaonekana imesimama sawa, kwa sababu picha haitikisi kitu. Fundi seremala ameikaza, na orodha ya mzunguko imeongezewa mstari: shika kila reli, vuta.

Yaliyobaki: bomba la uani litachimbwa ardhi ikilegea, na bei tumeshakubaliana kwa maandishi. Cheti cha risasi kitahitaji kuhuishwa kabla ya Juni 2026. Nusu ya kwanza ya kodi ya majengo ya Cuyahoga inalipwa sasa, kwa mwaka uliopita, kama ilivyo kawaida yao. Shemeji amerudishiwa gharama zake za mafuta, amekataa nusu, tumebishana, amechukua.

Mzunguko ujao wa picha ni Februari. Nimemwomba msimamizi aanzie kwa mama wa juu, akae naye kidogo kabla ya kuitoa kamera.